Upande wa Mkanda Ambao Sikuutazama

Kabla hujachagua mkanda wa waya, kijana, vua pete. Vua na saa, kunja mikono ya shati, halafu uushike kwa viganja vitupu, juu, chini na pembeni. Muuzaji atakuletea karatasi yenye picha nzuri na maneno ya kutamanisha. Isome, uikunje, uiweke mfukoni. Karatasi haijawahi kumkwaruza mtu.

Ninyi mnaofanya kazi viwandani siku hizi mnapita hapa kwangu na maswali. Mzee Owor, tundu liwe na ukubwa gani? Mzee, waya uwe mnene kiasi gani? Nitawajibu, sina siri. Ila nitawajibu kwa njia yangu, na njia yangu ina kona nyingi, maana karibu kila nilichokijua nilikijua baada ya kukosea. Kosa kubwa kuliko yote nitalisema pia, ingawa kwa miaka mingi nimekuwa nikilirukaruka nikisimulia.

Kiwanda chetu kilikuwa Tororo, hatua chache kutoka reli, zamani za Mwingereza. Tulikuwa tukikausha muhogo. Ulikuja kwa magari na baiskeli kutoka Buteba, Masaba na huku kwetu, ukamenywa, ukaoshwa, ukakatwa vipande vyembamba, ukakaushwa, kisha ukasagwa unga wa shule na magereza. Mashine ya kukaushia ilikuwa handaki refu la bati. Ndani yake ulipita mkanda uliosukwa kwa waya, mpana kama kitanda cha watu wawili, ukizunguka mchana kutwa. Juu ulibeba muhogo, chini ulirudi mtupu. Hewa ya moto ilipulizwa kutoka chini ikapenya kwenye matundu. Ndiyo maana ulikuwa wa waya. Wa turubai ungeoza, wa mpira ungenuka, na hewa isingepata pa kupita.

Handaki lilikuwa na midomo miwili. Mdomo wa kuingilia ulikuwa upande wa injini, na huko ndiko walikosimama wanaume wakimwaga vipande vibichi. Mdomo wa kutokea ulikuwa mbali, upande wa ghala, na huko walisimama wanawake. Kazi yao ilikuwa kuchambua vipande vikavu vikiwa bado juu ya mkanda na kutoa vilivyoungua, kabla mkanda haujapinda kwenye rola kurudi chini. Kumbukeni midomo hiyo miwili, kwa sababu habari yangu yote iko kati yake.

Aliyenifundisha kazi ni Fundi Barasa, Msamia wa ng'ambo, upande wa Kenya. Alikuwa amefanya kazi karakana za reli mpaka masikio yakapungua, kwa hiyo alizungumza kwa kelele hata akikusalimia. Siku yangu ya kwanza alinipa kipande cha mkanda, ukubwa wa sahani, akaniambia niende nacho nyumbani.

"Nifanye nini nacho, fundi?"

"Kaa nacho! Ukila kiwe mezani. Ukiongea na watu kiwe mkononi. Baada ya wiki uniambie kinapenda kwenda wapi."

Nilidhani ananichezea. Lakini baada ya wiki nilikuwa nimejua. Nikikilaza mezani na kukisukuma kwa viganja, kilikuwa kinajivuta kushoto. Barasa alifurahi mpaka akanipiga mgongoni. Akanionyesha kwamba waya wa mkanda husukwa kwa mizunguko, na kama mizunguko yote inaelekea upande mmoja, mkanda nao utakimbilia upande mmoja, utasugua ukuta wa mashine mpaka ujile wenyewe. Mkanda mzuri huwa na mzunguko mmoja wa kulia, unaofuata wa kushoto, hivyo hivyo mpaka mwisho. Kulia na kushoto vinavutana na mkanda unakwenda katikati. Hilo ni jambo la kwanza, na mpaka leo linawashinda watu wenye vyeti.

La pili ni chuma chenyewe. Muhogo mbichi una utomvu mkali. Waya wa chuma kitupu utashika kutu mwezi wa kwanza, na unga utatoka na madoa mekundu. Sisi tulitumia waya uliopakwa zinki, nao ulidumu kiasi. Siku hizi mnacho chuma kisichoshika kutu, mmebarikiwa.

La tatu ni tundu, na hapo ndipo nilipochekwa Tororo nzima.

Mkanda uliokuja na mashine ulipochakaa, Barasa aliniambia nichague ukubwa wa matundu ya mkanda mpya. Nilijiona mtu. Nilichukua vipande vya muhogo kutoka kwenye kisu, nikavipima kwa rula, nikachagua tundu dogo kidogo kuliko kipande kidogo kabisa. Hesabu safi. Mkanda ukaja, ukafungwa, ukawashwa. Kwenye mdomo wa kuingilia mambo yalikuwa mazuri. Kwenye mdomo wa kutokea ilitoka nusu ya muhogo tu. Tukasimama tunatazamana. Muhogo mwingine umekwenda wapi? Umeibwa na nani ndani ya handaki?

Walioujua ukweli mapema ni mbuzi. Walikuwa wamejaa uvunguni mwa mashine, kundi zima la mtaa, wanatafuna kwa adabu. Muhogo ukikauka husinyaa. Kipande kilichoingia kikiwa kipana kilifika katikati ya handaki kimekonda, kikapita kwenye tundu na kuanguka. Nilikuwa nimepima muhogo mbichi, na mkanda unabeba muhogo mkavu.

Barasa hakunikemea. Alikaa kwenye debe akacheka mpaka akatoa machozi, kisha akapaza sauti watu wote wasikie. "Owor ameanzisha hoteli ya mbuzi!" Jina hilo lilinifuata mpaka Malaba. Lakini jioni aliniita pembeni, akaniambia jambo ambalo nawapa ninyi bure. Pima kitu kama kitakavyokuwa mwisho wa safari, usikipime kama kilivyo mwanzo.

Mkanda uliofuata niliuchagua kwa akili zaidi. Matundu yalikuwa madogo lakini si madogo mno, maana wanga wa muhogo huziba tundu dogo kama uji uliogandia sufuriani. Mizunguko ilikuwa kulia na kushoto. Zinki ilikuwa nene. Nilipitisha viganja juu na chini, laini. Ulitembea katikati ya mashine bila kuyumba hata unene wa kidole, na bwana meneja, Mzungu mrefu asiyependa maneno, alikuja kuutazama mdomo wa kuingilia, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akaondoka. Kwake hiyo ilikuwa hotuba. Nilijipiga kifua kwa miezi. Mkanda huo ndio uliomkata mtu, nami ndiye niliyeuchagua.

Sasa nianze na ndoa. Nilioa Nabwire, binti wa Kisamia wa upande wa Masafu. Mimi ni Mjapadhola, yeye Msamia, lakini juu ya jambo moja watu wetu walipatana bila mkutano, nalo ni heshima ya mkwe. Mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni. Hakutani naye njiani. Akimwona kwa mbali hupita vichakani. Hakai naye chumba kimoja, hali mbele yake, hatamki jina lake. Na yeye vivyo hivyo. Si uadui. Ni heshima nzito kiasi kwamba hamwezi kuibeba mkiwa karibu. Ninyi mnaopiga picha na mama wakwe zenu mmewakumbatia, sitawahukumu. Lakini msinicheke. Hata leo, amekwisha tangulia mbele ya haki miaka mingi, jina lake sitalitaja hapa.

Mama mkwe wangu alifiwa na mumewe, akaja kukaa kwa dada yake karibu na Tororo. Huyo dada alikuwa anafahamiana na Adikini, mwanamke wa Kiteso mwenye mdomo mkali aliyekuwa nyapara wa wanawake pale mdomo wa kutokea. Kabla sijajua kinachoendelea, asubuhi moja nilitupa macho mwisho wa handaki nikaona kitambaa cha kichwa cha bluu ninachokifahamu. Nilirudi nyuma ya injini haraka kama mtu aliyeona nyoka.

Tulipanga bila kupanga. Mimi nilibaki upande wa injini, Barasa akashughulikia upande wa wanawake. Baadaye Barasa alistaafu, akarudi kwao ng'ambo ya Busia, nami nikapewa mashine yote. Nikafanya hivi. Upande wa kutokea niliukagua asubuhi mapema, mashine ikiwa imezimwa na wanawake hawajafika. Nilipitisha mkono, nikakagua rola, nikatia grisi, nikarudi kwangu. Kila kitu kilikuwa laini. Mwaka na zaidi sikuwahi kusimama pale mkanda ukiwa unazunguka.

Mnaanza kuona, ninyi wenye akili?

Kisha zikaanza kamba za mgomba. Asubuhi moja, kwenye mkanda uliokuwa ukirudi kwa chini kuja upande wangu, niliona kipande cha kamba kavu ya mgomba kimefungwa pembeni, kwenye ukingo. Baadaye kingine. Kufika mchana vilikuwa saba au nane, vimezungushwa barabara kwenye waya na kufungwa fundo, vimegeuka rangi ya kahawia kwa moto. Nilikasirika. Kamba inaweza kuungua, ikaangukia unga. Inaweza kuingia kwenye rola. Nilisimamisha mashine, nikazikata zote kwa kisu, nikatuma maneno kwa Adikini kwamba wanawake waache michezo.

Kesho yake zilikuwepo tena. Nikazikata. Siku iliyofuata, tena. Wanaume wa upande wangu walianza kunong'ona kwamba ni dawa, mtu anataka kuuroga mkanda. Sikuamini dawa lakini kiburi kilinipanda. Huu ulikuwa mkanda wangu. Nikapaza sauti toka upande wa injini, nyuso zetu zikiwa hazionani kwa ajili ya mvuke.

"Adikini! Nani anafunga hii vitu?"

"Wewe kuja huku uone!" alijibu.

"Unajua siwezi kuja huko!"

"Basi kaa huko na macho yako!"

Wanawake walicheka. Nikadhani ananidhihaki kwa ajili ya mkwe, na kweli Adikini alikuwa hodari wa kudhihaki. Sikusikia kilichokuwa ndani ya maneno yale. Kwa wiki mbili nzima nilikata kamba zile kila asubuhi kabla ya kuwasha mashine, kwa bidii, kama mtu anayefanya kazi nzuri. Nikikumbuka bidii yangu ile, mpaka leo naona haya.

Siku moja nilitia moja mfukoni bila kufikiri. Nyumbani Nabwire alikuwa anapekua suruali kabla ya kufua, akaitoa. Aliishika muda mrefu.

"Umeonana na mama?" aliniuliza.

"Wewe! Nimwone wapi?"

"Hii ni fundo ya mama. Kwetu hakuna mwingine nafunga hivi. Anazungusha mara tatu, anarudisha ndani. Alikuwa anafungia kuku hivi, anafungia kuni, alikuwa ananifungia nywele."

Nikamwambia nilikoipata. Nabwire akakaa chini. Akaanza kulia bila sauti, na ilinichukua muda kumtoa neno. Jumapili iliyopita alikuwa amekwenda kumwona mama yake, na mama alikuwa ameficha mkono wa kulia ndani ya leso muda wote, anamimina chai kwa kushoto. Alipombana, alisema ni mwiba. Nabwire aliuona mkono kwa bahati, leso ilipoteleza. Ulikuwa umevimba mpaka kwenye kifundo, kidole cha shahada cheusi, na kiganja kina michubuko mingine midogo, mipya na ya zamani.

"Alinikataza nisikuambie mkono wake unaumwa," alisema. "Nilifikiri ni aibu ya mkwe tu. Sikujua ni mkanda yako."

Usingizi sikuupata. Asubuhi nilifika kabla ya mlinzi kufungua vizuri. Niliwasha tanuri la hewa ya moto, nikawasha injini, nikaacha mkanda uzunguke mtupu mpaka upate moto, kisha nikatembea mpaka mdomo wa kutokea, mara yangu ya kwanza kusimama pale mashine ikiwa hai tangu mama mkwe aje.

Sikilizeni vizuri, maana hili halimo kwenye karatasi za muuzaji. Mkanda wa waya uliosukwa, ncha za waya zake humalizikia pembeni. Kuna njia mbili za kuzimaliza. Moja ni kuzikunja, kila ncha inapindwa kama kulabu na kurudishwa ndani. Nyingine ni kuzichomelea kwa moto, zikayeyukiana zikawa tone moja laini. Wangu ulikuwa wa kukunjwa. Ukiwa baridi, umesimama, kulabu zinalala kimya. Pitisha mkono hutasikia kitu. Lakini upande wa injini rola ilikuwa kubwa kama pipa, na upande wa wanawake ilikuwa ndogo, nyembamba kama paja la mtu, ili vipande vianguke vizuri. Mkanda ukipata moto hurefuka. Ukivutwa na kupinda kwenye rola ndogo, kulabu hufunguka moja baada ya nyingine na kusimama. Pale ukingoni niliona safu ya ncha zikiinuka, zikipita, zikilala tena. Ziliinuka mahali pale pale ambapo mkono wa mwanamke ulipaswa kufika kuokota kipande cha mwisho.

Aliyekuwa anafunga kamba alikuwa anazifunika ncha mbaya zaidi ili wasichana waliosimama naye wasikatwe. Nami kila asubuhi nilizifunua.

Nilizima mashine. Adikini alipofika alinikuta nimekaa sakafuni. Siku hiyo hakunidhihaki.

"Wewe sasa umeona," alisema taratibu. "Sisi tulitaka kusema kwa bwana meneja. Mama akakataa. Alisema, kama bwana atasikia mkanda nakata watu, atafukuza fundi, na fundi iko na binti yangu, iko na wajukuu yangu. Alituapisha. Mimi mdomo yangu hii yote, nimenyamaza."

"Mkono ukoje?"

"Mkono mbaya, Owor. Dispensari wanasema labda watakata kidole. Labda zaidi ya kidole."

Nililia mbele ya Adikini, mwanamume mzima. Sioni sababu ya kuwaficha.

Nilikwenda kwa bwana meneja mwenyewe nikamwambia mkanda unakata, na kwamba niliyeuchagua ni mimi. Nilikuwa tayari kuondoka na kofia yangu. Akasema, "Wewe ngoja. Kwanza tengeneza." Kwa wiki nzima mimi na wanaume wawili tulikaa na koleo tukizirudisha kulabu ndani, na tukashona turubai nene ukingoni. Ilikuwa dawa ya muda tu. Mkanda mpya ulibidi uagizwe, na vipande vya mfano vilibidi vije kwa meli na treni.

Siku za kungoja zilikuwa ndefu. Nabwire alikuwa anakwenda kumfunga mama yake dawa, na kila akirudi nilimsubiri mlangoni nisiweze kuuliza. Kuuliza habari za mwili wa mama mkwe ni vibaya. Nabwire alikuwa ananihurumia, anasema kama anajisemea, "Leo uvimbe umeshuka kidogo," au "Leo hajala." Kuna siku alisema tu, "Leo bado," na nikatoka nje nikapasua kuni zisizohitajika.

Nilipanda baiskeli kwenda kwa Barasa ng'ambo. Alinipokea kwa kelele zake, akaniletea kiti, na mimi nikamwaga yote.

"Nilikufundisha kuushika mkanda," alisema, na sauti, ajabu kwake, ilikuwa ndogo mpaka nikasogea. "Sikukufundisha kumuuliza yule anayeushika kutwa nzima. Mimi mwenyewe nilikuwa upande ule mwaka mzima, na nilikuwa naangalia rola tu. Kosa ni letu sote, Owor. Lakini wewe bado uko kazini. Mimi nimebaki na kuku."

Kisha akanifundisha la mwisho. Alinipa kishungi cha pamba kutoka kwenye gunia lake. Mkanda ukiwa moto na unazunguka, alisema, shika pamba hii kwa kijiti, iguse ukingo. Pamba ikibaki kwenye waya, ngozi nayo itabaki. Siku hizi mna mashine za kupimia. Pamba bado inafaa.

Mkono ulipona, kwa rehema. Kidole hakikukatwa, ila hakikukunjika tena. Mama mkwe alirudi kazini, na watu walimshangaa. Nabwire alisema mama yake aliulizwa kwa nini amerudi, akajibu kwamba kazi haijamkosea.

Vipande vya mfano vilipofika vilikuwa vitano. Bwana meneja alivipanga ofisini, akakinyooshea kidole kipande cha kwanza. Kilikuwa cha kukunjwa kama mkanda wa zamani, waya mnene zaidi, kulabu zimebanwa zaidi. Muuzaji alikuwa nacho tayari, kingefika upesi. Vya kuchomelewa vingechelewa miezi. Nilikipitishia viganja. Kwa kweli sikusikia kitu. Nilikiwekea pamba, ikatoka safi, lakini kilikuwa baridi na hakijavutwa. Ningesema nini? Nilikuwa mtu aliyekwisha kosea mara mbili.

"Bwana," nilisema, "naomba wanawake washike."

Alikunja uso. "Wanawake najua nini?"

"Wanajua pale inakata."

Tulivipeleka mdomo wa kutokea, mashine imezimwa. Nilivipanga juu ya meza ya kuchambulia, kisha kwa heshima nikageuka, nikawapa mgongo, nikakodolea macho ukuta wa bati. Bwana meneja alisimama pembeni hajui tunafanya nini. Nilimwambia Adikini awaambie kila mmoja ashike, akunje, avute, na Adikini angeniletea maneno. Nilisikia waya ukilia juu ya meza, mikono ikipita, wakinong'ona Kisamia na Kiteso. Nikangoja Adikini aniletee maneno.

Kisha sauti nisiyoijua ikasema, karibu kabisa na bega langu, "Hii nakata."

Ilikuwa sauti ndogo, nzito kidogo. Miaka yote ya ndoa yangu sikuwahi kuisikia. Niligeuka nikiwa nimeinamisha macho, nikaona tu ukingo wa meza, na juu ya meza mkono. Ulikuwa umekishika kile kipande cha bwana meneja, umekikunja kwa nguvu juu ya mpini wa ufagio, mwembamba kuliko hata rola yetu. Kulabu zilikuwa zimesimama, zote.

"Na nyingine?" niliuliza, nikiuuliza mkono.

Mkono ukaacha kipande kile, ukachukua cha mwisho, cha kuchomelewa, ukakikunja, ukapitisha kiganja ukingoni mara mbili. "Hii hapana," akasema.

Kati ya mkwe na mkwe, kitu huwekwa chini, kisha mwingine hukiokota mwenzake akisha sogea. Hakukiweka chini. Alikinyoosha kwangu akangoja, na kile kidole kisichokunjika kilibaki kimenyooka peke yake, kikinielekea. Nilipokea kwa mikono miwili. Vidole vyangu vikagusa vyake.

Bwana meneja akakohoa. "Sasa ipi?"

"Hii, bwana. Tutangoja miezi hiyo, na turubai yetu. Amechagua huyu mama."

"Huyu mama nani?"

Jina lake sikuweza kulitamka, na neno mkwe nikaliruka. Nikasema, "Ni mama yangu, bwana."

Kulikuwa na wanawake kumi na mmoja kwenye meza ile wanaojua ukweli, na Adikini miongoni mwao, Adikini ambaye alikuwa hamwachii mtu kosa lolote. Hakuna hata mmoja aliyenisahihisha.